Jiko Lililonuka Mapanki

Harufu ya mapanki yakikaangwa haina adabu. Inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye sare ya shule, na ukikaa darasani mwenzako anasogea pembeni. Nilipokuwa darasa la tatu, nyumba yetu ya kupanga pale Nyakato ilinuka hivyo tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunabakiziwa vichwa na mifupa. Hayo ndiyo mapanki. Mama aliyanunua, akayakaanga kwenye karai kubwa katika jiko la uani, akawauzia vibarua. Alianza baada ya baba kupunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Walimwambia soko sasa ni huria. Huria kwa nani, mpaka leo sijaambiwa.

Vyumba vile viwili baba alivipanga kwa mkataba wa mwaka mzima, wakati mshahara ungalipo. Nusu ya kwanza alishalipa. Nusu ya pili ilikuwa inakuja na hatukuwa nayo, wala dalili yake. Wapangaji wengine wakifika hapo walihama usiku, godoro kichwani, asubuhi unakuta mlango wazi na paka kalala ndani. Baba yeye alishika methali. “Subira yavuta heri,” alisema, amekaa kwenye kigoda na redio isiyo na betri. Mama alikuwa anakwangua magamba, hata hakuinua kichwa. “Na kodi je, Baba Kabula, inavutwa na nini?” Akasema tunaondoka kabla hatujadaiwa, tunakwenda Kisesa kwa mjomba, na tutaaga mchana kweupe. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wa baba ulishaanza kuugua.

Mama mwenye nyumba aliitikia shikamoo ya mama kwanza, ndipo akawaka. “Mkataba ni mwaka, Mama Kabula! Ukitoka leo nani ataingia? Jiko umelipaka masizi, na harufu yako imefika mpaka kwenye kanga zangu za kanisani. Lete mpangaji mwingine, ndipo uende.” Akatia kufuli kwenye jiko, karai likiwa ndani. Bila karai lile, Kisesa tungekwenda kula upepo. Alijua. Ndiyo maana alilifungia.

Mama akatafuta mpangaji. Mimi nikapewa majivu na gunzi nisugue kuta za vyumba mpaka vidole vikachubuka. Akaja karani, akanusa, akakumbuka ana safari. Akaja mwalimu na mkewe. Mke aliishia kizingitini, kitambaa puani. “Hapa wamefia samaki wangapi?” aliuliza, na majirani wakacheka. Mama naye akacheka, lakini alipoingia ndani alinipokonya gunzi. “Acha, mwanangu. Tunafuta kitu cha kuuza. Nimekuwa nikitafuta pua zisizofaa.”

Kesho yake alikwenda kwenye geti la kiwanda cha samaki, wanakopanga foleni akina mama wa mapanki, akarudi na Mama Pendo. Huyu alikuwa anakaangia kando ya barabara, mvua yake, askari wa jiji wake. Mama mwenye nyumba alifungua jiko kwa kununa. Mama Pendo akaingia, akapitisha kiganja kwenye masizi, akavuta pumzi kama mtu aliyefika kwao. “Wateja unawaita?” “Siwaiti. Wanafuata harufu.” “Basi ukuta huu msiuoshe, nauchukua hivihivi.”

“Yesu wangu, mwingine!” alisema mama mwenye nyumba. Lakini neno alishalitoa mbele ya ua mzima, na Mama Pendo alikuja na kodi mkononi. Tulihama Jumamosi adhuhuri, mkokoteni katikati ya njia, karai nimelivaa mimi kama kofia. Jirani akapaza sauti, “Mnahama mchana, hamwogopi?” “Nimwogope nani,” mama akajibu, “jua?”

Leo mimi ndiye mama, mwanangu yuko mgongoni, chumba nimepanga, na baba yake kapanda kivuko cha Kigongo, hajarudi. Kodi inayokuja siiwezi. Mama angalau alikuwa na mtu wa kugombana naye, mtu anayeitikia shikamoo. Mwenye nyumba wangu sijawahi kumwona. Ana dalali, na dalali ana simu asiyopokea mpaka tarehe ya kodi ifike. Nilipomnasa alikojificha, akaniambia mkataba ni mkataba, na vyombo vyangu vitabaki. Shoga zangu wananishauri nihame usiku. Usiku wahame wao. Chumba hiki kina kasoro moja: baa ya jirani inapiga muziki mpaka kuku wawike, na kila mpangaji niliyemleta achukue nafasi yangu amekimbia. Sikuhangaika kukisifia. Nimemfuata mhudumu wa baa hiyohiyo, binti anayefanya kazi usiku na kulala mchana, anayeogopa njia ya kurudi kwao gizani. Amekipenda. Kesho saa nne asubuhi tunamfuata dalali, sisi wawili na mwanangu, na karai la mama litakuwa kichwani mwangu. Halibaki.