Kifungo cha Rubani

Mtaani walimwita Fundi Kimya, na hawakumsingizia. Kazi yake ilikuwa makochi. Angeweza kufumua kochi asubuhi, akabadilisha sponji, akakaza springi, akavalisha kitambaa kipya na kumkabidhi mwenyewe jioni, yote hayo bila kutoa neno zaidi ya "tayari". Mkewe alizoea kusema kwamba yeye ameolewa na kabati. Fundi hakuona tatizo liko wapi. Kochi lilikuwa mbao, sponji na kitambaa, na watu walikuwa wenye makochi, basi.

Kisha akapata binti, ambaye bibi yake alimbandika jina la Maswali hata kabla meno hayajatimia kinywani. Mtoto alipoanza shule, kazi ya kumchukua ikamwangukia baba, maana karakana yake ilikuwa njiani. Siku ya kwanza walirudi kimya mpaka nyumbani. Siku ya pili mtoto uvumilivu ukamwishia.

"Baba, leo umekuta nini ndani ya kochi?"

"Kitana."

"Cha nani?"

"Nitajuaje?"

"Si ungeuliza!"

Kesho yake akauliza. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, lakini jioni angemjibu nini yule mtoto? Kumbe watu walikuwa wanangoja tu waulizwe! Mama mwenye kitana alimsimulia habari za kitana na za ndoa yake yote kwa mkupuo mmoja. Polepole fundi akaanza kuona mambo. Kochi lililobonyea upande mmoja tu lina mtu anayekaa peke yake. Lililochakaa mikononi lina watoto wa kulipanda. Mara nyingine nyundo ilibaki hewani huku akimwaza mtu ambaye hata hamjui, na hilo lilimfurahisha kuliko alivyoweza kueleza.

Siku moja kochi la mwenye bucha halikutoa kitu ila kifungo. Mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa, na Maswali si mtu wa kupewa jibu tupu. Basi fundi akatunga: kifungo ni cha rubani, kilimruka kifuani ndege ilipotua kwa kishindo. Mtoto akameza yote. Jumamosi mwenye bucha akaja kuchukua kochi lake, aproni imejaa damu, na Maswali akamwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Rubani!"

Fundi alitamani kujificha ndani ya sponji. Alipokwisha kueleza, kwa kigugumizi, mwenye bucha alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Rubani, naye ukimuuliza kama nyama imefika, anakujibu, "Imetua."

Lakini mtoto hakai mtoto. Alipoingia darasa la sita, Maswali alimwambia kwa upole, "Baba, usinifuate tena shuleni. Nitarudi na wenzangu."

"Sawa," akasema fundi.

Alimwelewa, lakini iliuma. Tena aliogopa: muulizaji akishaondoka, na yeye si atarudi kuwa yule wa zamani? Wiki hiyo alikuta kiatu cha mtoto mchanga ndani ya kochi, akakitia mfukoni wala asimuulize mwenyewe. Mkewe alimtazama akila, akaguna. "Naona kabati limerudi."

Jioni moja wasichana wakajaa mlangoni mwa karakana, sare zimeshika vumbi, Maswali mbele yao.

"Baba yangu ndiye huyu," akawaambia. "Baba, hawaamini. Hebu wasimulie ya Rubani."

Fundi akakohoa. "Basi, siku hiyo nikakuta kifungo cheupe..."

"Cha bluu," akadakia mmoja mwenye begi kubwa, mtoto ambaye fundi hajapata kumtia machoni. "Maswali hutusimulia kila siku tukirudi. Ni cha bluu."

Fundi akamtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kweli," akasema fundi. "Kilikuwa cha bluu."

Akaweka nyundo chini, akawaketisha juu ya sponji mpya, akatoa kile kiatu mfukoni.

"Cha nani?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Bado sijui," akasema Fundi Kimya. "Kesho nitauliza."