Sahani Iliyongoja Wageni Wawili

Penda Diop alianza kupikia chekechea yetu ya Kaolack kabla jengo halijapakwa rangi, na katika muda wote huo hakuna aliyemsifu kwa maneno. Alisifiwa na masinia. Watoto walizunguka sinia la bati lenye maua, wakala, na sinia likarudi jikoni maua yake yote yakionekana. Penda aliyatazama maua hayo jinsi wengine wanavyotazama vyeti vyao ukutani.

Kisha zikaja sahani. Zilitoka kwa marafiki wa shule walioko ng'ambo, watu wema waliosoma mahali fulani kwamba mtoto akipewa sahani yake mwenyewe, yenye vyumba na rangi, atakula mboga zaidi. Karibu na mtoto kilikuwa chumba kikubwa cha manjano, cha wali. Nyuma yake vilikaa viwili vidogo: cha kijani kwa mboga, chekundu kwa samaki. Sisi walimu tulizipenda. Zilipangika vizuri kabatini.

Siku ya kwanza wali uliisha wote. Mboga zilirudi kama zilivyotoka, na samaki vilevile. Kesho yake hivyo hivyo. Mtoto wa Kaolack akiacha samaki, hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa daktari au kwa mpishi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Sokhna Ndiaye, alichagua mpishi. Akina Ndiaye na akina Diop ni watani tangu enzi za mababu, na hata kuulizana hali hawawezi bila kutukanana kidogo.

"Diop, umewalisha nini watoto wa watu?"

"Nilichowalisha siku zote. Ninyi akina Ndiaye mnameza bila kuonja, mtajuaje?"

"Sisi tunakula, nyie mnafakamia. Lakini leo sitanii, Penda."

Hapo ndipo Penda alipoogopa. Ndiaye akimwambia Diop hatanii, mambo yameharibika. Na kweli yalikuwa yameharibika: kamati ya wazazi ilikuwa imeshampata mama mmoja wa mjini mwenye gari la kusambazia vyakula, na kama mboga zingerudi tena Ijumaa, jiko lingekuwa lake.

Penda akapunguza pilipili. Akakata karoti kwa umbo la nyota, kazi ambayo alisema hata mumewe hajawahi kufanyiwa. Samaki akamwosha kwa ndimu mpaka akawa safi kuliko sisi. Nyota zilirudi zote.

Alhamisi akavua aproni, akajipakulia sahani, akaketi mkekani kando ya Yandé, binti wa miaka minne asiyejua kunong'ona.

"Yandé, mbona huli samaki? Ananuka?"

"Hapana, Mama Penda. Mtamu huyo."

"Basi mle."

"Si wangu."

"Ni wa nani?"

Yandé akanyoosha kidevu kuelekea upande wa pili wa sahani, ambako hapakuwa na mtu. "Wa yule wa kule."

"Yule nani?"

"Hajafika."

Penda akataka kucheka, kisha akaitazama sahani yake. Wali alikuwa ameumaliza. Samaki hakumgusa, wala hakuweza kusema kwa nini. Toka alipojifunza kukaa kwenye sinia la pamoja alikuwa akila kilicho mbele yake. Mkono hauvuki kwenda upande wa mwenzako, na kitoweo unakingoja mpaka mama akimege na kukurushia. Watoto wetu hawakuwa wanakataa mboga. Walikuwa na adabu, basi, na kila mmoja alikuwa anawangojea wageni wawili, wenye vile vyumba viwili vya nyuma.

Mimi nilishauri sahani zigeuzwe. Tukazigeuza kwa wale waliokuwa hawajaanza. Wakala kabichi yote na samaki wote, wali ukabaki kumngojea mgeni. Sikushauri tena.

Penda akanyoosha mkono, akammega samaki wa Yandé, akamrushia kwenye manjano. Yandé akala kabla kipande hakijatulia. Halafu akamgeukia jirani yake, Birane, akachukua nyota kutoka kijani cha sahani ya Birane mwenyewe, akamwekea mbele.

"Kula, nimekupa."

Aliyepewa hakatai. Birane akala, naye akamtafuta wa kumpa. Kabla hatujajua la kufanya, mkeka mzima ulikuwa unakirimiana karoti kama kwenye harusi, na wachoyo wakaanza kujulikana kwa majina.

Ijumaa Mwalimu Sokhna akaja kukagua. Aliketi kando ya Yandé, akapewa sahani, akala wali mpaka rangi ya manjano ikatokeza, akaishia hapo. Yandé akamwonea huruma. Akachukua kipande kikubwa cha nyanya chungu kutoka upande wa mbali, akakirusha.

"Kula, Mwalimu. Nimekupa."

Wanaomfahamu Mwalimu Sokhna wanajua kwamba nyanya chungu na yeye waliachana utotoni. Alitazama mlango. Alitazama watoto, nao wote walikuwa wanamtazama yeye. Akatafuna, kwa muda wa hotuba fupi.

"Ndiaye," Penda akaita kutoka mlango wa jiko, "leo umekula kama mtu."

"Nyamaza, Diop," akajibu, mdomo umejaa. "Na Jumatatu upunguze chumvi."

Katika maneno yote hayo Penda alisikia Jumatatu tu. Chumvi hajaipunguza mpaka leo.