Wasabato Wawili wa Olaya

Katika kampuni ya wahandisi niliyofanyia kazi kule Olaya, Riyadh, nilikuwa mtaalamu wa viungo. Kwa asiyeijua kazi hii: nakanda misuli, nanyoosha migongo iliyopindishwa na viti vya ofisi, na kumwambia mtu mzima ukweli kuhusu goti lake.

Mwaka huo wakubwa waliamua kwamba wafanyakazi tuwe na furaha. Ikaundwa kamati ya furaha, na kamati ikatangaza kwamba tutashindana na kampuni nyingine katika kuogelea, tenisi ya mezani, mpira wa kikapu na mbio, timu ileile kwa michezo yote. Wahandisi wetu walinunua viatu vya kifahari. Baada ya mazoezi ya kwanza, foleni ya mlangoni kwangu ilifika kwenye lifti.

Aliyetuokoa alikuwa mhasibu mgeni kutoka Johannesburg, mwanamume wa makamo asiyejua kukaa bure. Maisha yake niliyajua kwa kumkanda. Bega la kulia lilikuwa la kuogelea, tangu utotoni. Kiwiko kilikuwa cha tenisi, kidole kilichopinda kilikuwa cha kriketi, na goti la kushoto, ambalo nililipiga marufuku kukimbia, lilikuwa la kikapu. Kila kiungo kilikuwa na ushindi wake na maumivu yake. Medali ya kikapu, alinisimulia akiwa amelala kifudifudi, aliipata kwenye mashindano ya Wayahudi wa nchi mbalimbali. Ndivyo nilivyojua kuwa ni Myahudi.

Kampuni nzima ilimjua kama Msabato.

Hapa inabidi nieleze taratibu. Dereva wetu alikuwa Mkisii kutoka Kenya, na ndiye Msabato pekee katika kambi ya wafanyakazi. Kwa Msabato, tangu jua la Ijumaa lizame mpaka la Jumamosi lizame, hakuna kazi. Kampuni yetu ilipumzika Ijumaa tu, si Jumamosi kama nyingine, kwa hiyo aliiomba Jumamosi kwa bosi hadi akachoka, na kila mara alijibiwa mafi, yaani hakuna. Ndipo akamwona mhasibu: Ijumaa jioni anazima simu, Jumamosi hagusi kazi, kamba wa baharini, mwiko kwa Wasabato, hali. Nguruwe pia hali, ingawa Riyadh hilo halithibitishi kitu. Dereva akamuuliza kama anashika Sabato. Akajibu ndiyo. Dereva alinijia machozi yakimlengalenga.

"Dada, huyu mzungu ni wetu."

Nilimuuliza mhasibu kwa nini hakumsahihisha. Alisema aliulizwa swali moja, naye alilijibu kwa ukweli.

Bosi hakutaka kumkera mchezaji wake wa pekee, kwa hiyo Jumamosi za mhasibu hazikuwa na mjadala. Dereva akaenda kumweleza bosi kwamba yeye na mhasibu ni dini moja. Bosi akaona ni haki: dini moja, ruhusa moja, halas, yamekwisha. Tangu hapo dereva alishinda Jumamosi chumbani akiimba nyimbo zake kwa sauti ya chini, na Jumapili, siku ambayo Saudia nzima inaanza kazi imenuna, yeye alishika usukani akitabasamu.

Tukaingia fainali. Ilipangwa Jeddah, Jumamosi alasiri.

Bosi alituita sote watatu, mimi nikiwa msemaji wa magoti. Alimwambia mhasibu kwamba kanisa lake bila shaka litaelewa. Mhasibu akasema hana kanisa, yeye ni Myahudi. Nikaangalia zulia. Bosi akamaliza kikombe chake cha kahawa, kisha akauliza kama Wayahudi hucheza baada ya isha.

"Baada ya isha tunacheza chochote," mhasibu alijibu.

Bosi akapiga simu Jeddah, akalilalamikia joto la alasiri kwa uchungu wa mtu aliyezaliwa kwenye barafu, na fainali ikasogezwa. Nilidhani yameisha. Ndipo alipomgeukia dereva.

"Na wewe? Myahudi?"

Neno moja la uongo lingemlindia Jumamosi zake zote.

"Hapana, bosi. Mimi ni Mkisii."

Bosi alitaka kujua hiyo ni dini gani. Nilimweleza kwa subira, kabila kwanza, kanisa baadaye, lakini alichosikia ni kwamba dini ni mbili. Ruhusa ya dereva ikafutwa palepale. Mhasibu akasema kama ni hivyo, bega lake limeanza kuuma, akaniangalia. Nilithibitisha kwamba ni bega baya sana.

Bosi akatafakari. Goti la mhasibu haliruhusiwi kukimbia. Dereva ni Mkenya, na Wakenya hukimbia. Basi atakimbia yeye. Tukishinda, Jumamosi ni zake. Tukishindwa, yalla, haya, arudi kwenye gari.

Dereva hakuwa amekimbia tangu shule ya msingi, na tumbo lake lilikuwa limeshazoea kuegemea usukani.

Kule Jeddah, tulikofika tangu Ijumaa mchana, mhasibu alitumia kila kiungo nilichokikanda. Aliogelea akashinda, akashinda mezani, akafunga vikapu huku akichechemea. Bado tulilingana pointi na kampuni moja ya bandarini. Mbio ndizo zingeamua.

Wakimbiaji walipojipanga nikagundua kwamba kampuni zote zilikuwa zimefikiri vilevile. Mstari mzima ulikuwa wa madereva Wakenya, na wote walikuwa na matumbo.

Mzunguko wa kwanza walikimbia. Wa pili walitembea harakaharaka wakiulizana habari za nyumbani. Mzunguko wa mwisho walianza kumtania dereva wetu, mbona anahema hivyo, kwani anafukuzwa na kanjo, askari wa jiji? Akawaeleza, maneno yakimtoka vipandevipande. Mtu wa kampuni ya bandarini, aliyekuwa mbele yake kidogo, akageuka.

"Yaani ukishindwa utaendesha gari siku ya Sabato?"

"Nitaendesha."

"Mimi ni Mkatoliki. Jumapili yangu hawajawahi kunipa," yule mtu alisema, akapiga goti kufunga kamba za viatu.

Viatu vyake havikuwa na kamba. Wenzake wote wakasimama kumsaidia kuzifunga, na dereva wetu akaukata utepe peke yake, kwa mwendo wa mtu anayewahi ibada. Jukwaani bosi alikuwa amesimama, akimweleza kila aliyekuwa karibu kwamba mbio ziko kwenye damu ya hawa watu.