Koko Alikuwa Bado Hajatembea Uvira

Kwetu Nyamianda, mtaa mmoja wa Uvira, kabla vita havijatugusa, kulikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: siku koko atakaposhuka kutoka Lemera kuja kututembelea, tumwonyeshe nini kwanza? Koko ndivyo tunavyomwita mzazi wa mzazi, na huyu alikuwa mama yake mama yangu. Alilima maharagwe huko milimani na alikuwa hajawahi kukanyaga Uvira.

Baba alikuwa karani bandarini Kalundu, na kwake jibu lilikuwa moja. "Mji bila mabato iko kijiji kikubwa tu," alisema. Koko angepelekwa kuona hayo mabato, meli zikipakia mizigo ya Kigoma, na baba mwenyewe angesimama kando yake akimweleza kila kamba. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanamke aliyezeeka na jembe mkononi, chuma kitamfaa nini? Yeye angempeleka sokoni Mulongwe, aone ndagala, wale dagaa wa ziwani, wamerundikwa kama mchanga na vitenge vimening'inia pande zote, achague kimoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na mdomo usio na breki. Nilisema bandari inanuka na soko lina matope, koko apelekwe ufukweni asubuhi, atazame nyumba za Bujumbura ng'ambo ya pili ya ziwa. Kwa umri ule, kitu kizuri kuliko vyote Uvira kilikuwa kwamba ukiwa pale unaona pengine.

Koko mwenyewe kila mwaka alituma habari kwa wanawake waliokuja kuuza mazao: nitakuja baada ya mavuno. Hakuja. Katika ukoo wetu mama mkwe haingii kwa mkwewe mikono mitupu. Analeta kitunga cha maharagwe yaliyochaguliwa punje kwa punje, na siku ya kuondoka kitunga kinarudi na chumvi na ndagala ndani, wenyeji wakimsindikiza mpaka barabarani. Mwaka mmoja mvua ilikataa, mwaka mwingine maharagwe yaliliwa na wagonjwa aliowauguza. Kitunga hakikujaa.

Halafu vita vikapanda milimani, na koko akashuka. Alikwenda kwa miguu siku nne akijificha vichakani, akafika kwetu peku, na kitambaa kimoja kilichochanika. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Hakugonga mlango wa mbele. Tulimkuta ameketi nyuma ya nyumba, karibu na jiko, amejifunika uso ili baba asimwone katika hali ile.

Mama alimkumbatia akilia. "Mama, leo umefika Uvira!"

"Siyafika," alisema koko. "Nimekimbia. Mutu mwenye amekimbia hatembei."

Tulidhani ni uchovu unaosema. Wiki ya pili baba, kwa heshima, akisema na mama ili mama mkwe asikie, alitangaza kwamba Jumatatu angempeleka bandarini. Koko alijibu kwa njia hiyohiyo, ameelekea ukuta: "Muambie mukwe wangu asante. Lakini minye sikukuya kutembea." Mama alijaribu soko, akashindwa. Hata kanisani hakwenda. Alisema Mungu anamjua, lakini bakristo ba huku bangetaka avae viatu.

Alikaa miezi saba bila kuvuka ua. Alifagia, akapika, akachambua maharagwe ya sokoni huku akiyasema kwa dharau, kwamba yamevunwa na watu wenye haraka. Mimi nililala naye chumba kimoja na nilimpenda, ila ule ukaidi ulinichosha. Siku moja nilimuuliza, hasa mji ukuonyeshe nini ndipo ukubali kuutembea?

Koko alitupa punje mbovu. "Mji wa kutembea iko ule mutu anakungojea siku weye ulisema. Na siku ya kurudi anakusindikiza, unafika kwenu, unasimulia. Sasa minye nitasimulia nani? Ba nani benye banabakia kule?"

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Jumapili iliyofuata nilipiga pasi nguo ya mama, nikaazima kandambili kwa jirani, nikawaambia rafiki zangu wanisubiri ufukweni kwa sababu ningemleta koko wangu. Nilikuwa nimejigamba. Koko alizitazama zile kandambili, akazisukuma taratibu kwa kidole, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilipandwa na hasira. Nakumbuka kila neno, na ningefurahi kama nisingekumbuka.

"Koko, miezi saba! Mugeni anakuyaga siku tatu, anarudi. Weye hautaki kuwa mugeni, hautaki kuwa mwenyeji. Basi rudia kule Lemera, ulete kitunga yako ya maharagwe, njo utembee!"

Nilikusudia kumuumiza. Koko aliinua uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Weye njo unanisikia," alisema. "Hawa bengine banafikiri niko na kiburi."

Ningeweza kumwambia palepale kwamba nimesema kwa hasira, na kwamba hakuna mtu mwenye akili anayerudi kule kwa ajili ya kitunga. Sikusema. Rafiki zangu walikuwa wananingoja, nami nilikuwa nawaza uongo wa kuwaambia.

Mwezi haukuisha, akaondoka. Watu walisema milima imetulia, na wanawake kadhaa walikuwa wanapanda kwenda kuwahi msimu wa mbegu. Mama alimsihi, akamshika hadi nguo. Koko alisema atarudi vizuri, kama mtu. Alikataa hata kusindikizwa, maana anayesindikizwa ni mgeni. Tulimtazama kutoka uani mpaka akapotea kwenye kona.

Habari zake zilitufikia kupitia wauza mazao: maharagwe yamechipua, kisha yametoa maua, kisha yamekauka vizuri. Na mwisho ukaja ujumbe wenyewe. Koko atashuka Jumamosi ya wiki ijayo, tumngoje.

Sijui kuieleza furaha ya wiki ile. Ule ubishi wetu wa zamani ulifufuka wenyewe, baba na meli zake, mama na soko lake, wakirushiana maneno mezani kama watoto. Mwishowe waligawana siku. Jumamosi apumzike, Jumapili kanisani kisha ufukweni pamoja nami, Jumatatu bandarini, Jumanne sokoni. Mama hakuweza kungoja Jumanne, akanunua kitenge mapema, cha rangi ya majani mabichi, akakificha chini ya godoro. Baba alipaka chokaa ukuta wa mbele, kwa kuwa safari hii mama mkwe angeingia kwa mlango wa mbele.

Alhamisi tulisikia milio ya bunduki kwa mbali, upande wa milimani. Baba alisema labda ni radi. Hakuna aliyembishia.

Jumamosi mama alipika wali. Baba alivaa koti lake la harusi, tukasimama barabarani sisi watatu, tukimtazama kila mwanamke aliyebeba kitu kichwani. Jua lilipoanza kuinama baba alivua koti, akalikunja mkononi, akaendelea kusimama. Wali ulipoa, na kesho yake tuliwapa majirani.

Zilipita wiki mbili hivi. Kisha mwanamke mmoja, jirani yake koko kule Lemera, akaingia uani kwetu na watoto watatu wamekonda, na kichwani ana kitunga. Alikitua mbele ya mama, akapiga magoti. Ndani maharagwe yalifika nusu.

"Batoto balilia njaa ku pori," alisema. "Tulipika nusu. Munisamehe."

Alitueleza yote akiwa bado amepiga magoti. Milio ilipoanza, watu waliingia msituni, wakamwambia koko naye ajifiche, angoje hata wiki moja. Koko alikataa. Alisema: bananingojea, nilibaambia Jumamosi. Aliondoka Ijumaa asubuhi na mapema, amevaa nguo safi na viatu vya plastiki alivyovinunua kwa safari hiyo. Huyu jirani hakutaka aende peke yake, akamfuata na watoto wake. Risasi ziliwakuta kwenye mteremko. Koko alifia palepale, na walimfukia kando ya njia, kwa haraka, wakitumia mikono na vijiti.

Baba alitoka nje akasimama akiutazama ukuta wa chokaa. Mama alikuwa amekumbatia kitunga. Yule jirani, labda akitafuta neno la kutufariji, akaongeza kwamba koko alikuwa na furaha miezi ile yote. Alimsimulia kila mtu kijijini kwamba Uvira kuna mjukuu wake mmoja mwenye akili, ndiye aliyemwambia arudi kuleta kitunga ili aje kama mgeni.

Mama aligeuka akanitazama. Nilingoja anipige. Badala yake alinishika mkono, machozi yakimdondoka, akasema, "Asante, mwanangu. Sisi bote tulimuita mukimbizi. Weye ulimuita mugeni."

Mama naye amekwisha kufariki, katika mji tuliokimbilia baadaye, na alikufa akiamini hivyo. Sikumwambia. Kila nilipofungua mdomo niliuona mkono wake ukinishika.

Siku ile tuliyapika yale maharagwe. Yalikuwa mazuri kweli, makubwa na sawasawa, hakuna hata punje iliyotobolewa. Mama alimfunika yule jirani kile kitenge cha kijani, akakitia kitunga chumvi na ndagala akamwekea mlangoni, kisha akapakua. Sahani ya kwanza hakumpa baba. Aliisogeza mbele yangu, akisema mgeni alikuwa wangu.

Nikala.