Siku Niliyomfungia Mama Mkwe Ndani ya Gari Msimbazi

Mke wangu amenikataza kuisimulia hii mbele za watu, na mimi mwenyewe nikipita Mtaa wa Msimbazi siku hizi napandisha kioo na kuangalia mbele tu kama mtu anayetafutwa, lakini kwa kuwa ni nyinyi, acha niseme: niliwahi kukamatwa Kariakoo mchana kweupe kwa kuiba gari langu mwenyewe, na aliyekuwa amekaa ndani ni mama mkwe.

Mama alikuwa ameshuka kutoka Moshi kufuata vitenge vya duka lake. Ni mama wa maneno machache, na tangu siku ya posa sijawahi kujua kama ananipenda au ananivumilia, kwa hiyo nilijitolea kumzungusha mwenyewe ili anione mtu wa maana. Tulipomaliza, buti limejaa, kiti cha mbele kimejaa, yeye akakaa nyuma na simu yake, akavuta waya wa chaja na waya wa muziki mpaka kule nyuma, akatuwekea kwaya ya usharika wao.

Sasa, redio yangu ilikuwa na ugonjwa. Ukiwasha muziki kulikuwa na mlio mwembamba, wiii, kama mbu sikioni. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Nilishabadilisha spika, nikabadilisha na redio yenyewe, wapi. Mama akasikiliza, akasikiliza, halafu akasema taratibu, "Baba Noela, kwaya yetu ina sauti nne. Hii ya tano umeiongeza wewe?"

Jamani, iliniuma. Nikasema, "Hiyo ni ethi tu mama, nipe dakika moja." (Ethi ni ule waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari. Nilikuwa nimetazama video mbili, nikajiona fundi.)

Nikapaki mbele ya duka la masufuria, nikazima gari, ufunguo nikauacha palepale, mlango nikaufunga kwa sababu bodaboda zilikuwa zinapita karibu mno, nikafungua boneti. Nikalegeza nati, nikachomoa waya wa betri, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, nikaurudisha. Kumbe alamu yangu ikikatiwa umeme kisha ikarudishiwa inadhani gari linaibiwa. Ikaanza kupiga kelele, mtaa mzima ukageuka, na milango yote minne ikajifunga kah, mama ndani, vioo juu, jua la saa saba. Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, niliifunga hivyo kwa ajili ya Noela, na mbele mama angepitaje na goti lake lile bovu?

Nikaanza kuvuta vitasa kimoja baada ya kingine, spana mkononi, mafuta meusi mpaka usoni. Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mtu anayepita. Kabla sijafika mlango wa nne, muuza masufuria alishanishika ukosi wa shati.

"Fungua mlango."

"Ufunguo uko ndani, kaka."

"Gari lako, na ufunguo uko ndani?"

Watu wakajaa. Nikasikia mtu nyuma yangu akilitaja lile neno, mwizi, kwa sauti ya chini tu, na hapa mjini tunajua neno hilo likishakolea mtu haulizwi tena. Jamaa mmoja akaokota kipande cha tofali, akakiinua mbele ya kioo, akapaza sauti, "Mama, huyu unamfahamu?" Mama, kwa kelele zile, hakusikia kitu, alichoona ni tofali. Akatikisa kichwa, akapunga na mikono: hapana, hapana.

"Hamfahamu," watu wakasema.

Hapo nililia, sifichi. Alamu ikanyamaza yenyewe, nami nikaomba, "Nipigieni simu yake basi, mtasikia anavyoniita." Muuza masufuria akanitolea simu yangu mfukoni, hajaniachia ukosi, akapiga. Mama akachomoa nyaya zake, akaweka simu sikioni, na sauti ikatoka kwa spika, wote wakasikia: "Baba Noela, waambie wasivunje kioo. Ninafungua."

Akachukua mwavuli wake, akaupenyeza katikati ya viti, akanasa kile kidude cha kufungulia mlango wa dereva, akakivuta. Nikachomoka kwenda kumfungulia. Akashuka amelowa jasho, akafunga kilemba chake upya bila haraka.

"Asanteni kwa kunijali," akasema. "Huyu ni mkwe wangu. Si mwizi, ni mjuaji tu."

Wakacheka mpaka aliyeshika tofali akaliweka chini. Mimi nilitamani kuingia chini ya gari nikae huko.

Tukaondoka. Akarudisha waya wa muziki peke yake, na kwaya ikatoka safi, bila mlio. Kumbe muda wote ulikuwa unatoka kwenye chaja. "Umeitengeneza?" akauliza. Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana mama. Ni chaja."

Tulipokuwa tunaingia Ilala nikasikia kitu nyuma, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anafuta machozi kwa pembe ya kitenge, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka nikiwepo.

Toka siku ile redio ikikoroma naiacha ikorome. Na mama mkwe akiwa ndani ya gari, boneti silifungui, hata litoke moshi.