Kiti Hakijaribiwi Kitupu

Dada yangu mdogo wanamwita Mama Viti, na kama hujawahi kukalia kiti chake, basi hujahudhuria harusi wala msiba wa maana huku kwetu. Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Kumtangulia kuzaliwa ni kazi niliyoifanya vizuri sana, na hadi leo hakuna aliyenishukuru.

Anakodisha viti. Alianza na kumi na viwili vya chuma, vile vya kukunja, akivisukuma mwenyewe kwa mkokoteni. Sasa vimepita mia mbili, na turubai mbili juu yake. Kila kiti kikirudi anakipindua miguu juu, anatazama maungio, anagonga kwa kidole na kusikiliza. Kilichokatika kinapelekwa kuchomelewa, na kabla hakijarudi kwenye safu ya wenzake naitwa mimi.

"Kaka, njoo ukae."

Nakaa. Nina kilo mia na kumi, zote za halali. Nakaa, nainuka, najitupa tena. Kikinibeba, kinakwenda kwa watu.

Siku moja nilimuuliza, "Kwa nini usikae mwenyewe?"

"Mimi mwepesi, kaka. Mgeni mnene akidondoka mbele ya wakwe zake, nimwambie kilinibeba mimi?"

Sasa sikiliza. Mwaka jana gari la kukodi lilimfia njiani na viti vya msiba ndani. Watu walisimama juani karibu saa mbili. Mfiwa, bibi wa watu, wakamkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa. Dada yangu hakulia wala hakugombana na dereva. Alisema tu, "Sitamkalisha tena mfiwa kwenye ndoo." Tangu siku hiyo akawa anatafuta vani yake mwenyewe. Akiba aliyokuwa nayo ilitosha gari moja. Akiangukia bovu, basi tena, ni kurudi kwenye mkokoteni.

Ndipo akajitokeza Bwana Magodoro, jirani wa mtaa wa pili, anauza vani yake. Nyeupe, imeoshwa hadi tairi zinang'aa. Ukaguzi nilijiteua mwenyewe. Shule niliishia darasa la sita, walimu walipoishiwa na cha kunifundisha, lakini injini nimesimama karibu nazo miaka mingi na nyingine zimenizoea.

Kwanza niliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Vizuri, maana muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika, ukija inaitika mara moja kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Nikaiwasha. Moshi wa bluu ungesema inakula oili, moshi mweupe usiokoma ungesema maji yanaingia pasipo pake. Hii ilikohoa mara moja, ikatulia. Nikafungua rejeta, maji safi, hayana mafuta. Nikainua mazulia kutafuta kutu, hakuna. Tairi zimelika sawasawa. Nikaizungusha mtaani, nikaachia usukani kidogo, ikaenda moja kwa moja kama msumari. Breki nilipoikanyaga, Bwana Magodoro nusura abusu kioo.

"Nunua," nikamwambia dada. "Ningekuwa na pa kuiweka, ningeichukua mimi."

"Na pesa je?"

"Hayo mengine madogo."

Yeye alikuwa amechuchumaa anatazama chini ya gari, vilevile anavyotazama chini ya viti. Akainuka, akajifuta mikono. "Shemeji, hii vani umeibebea nini miaka yote?" Mke wa yule bwana alisoma naye, ndiyo sababu ya ushemeji.

"Magodoro, mama. Ya sponji. Haijanisumbua hata siku moja."

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia. Twende ghalani kwangu tukapakie."

"Tupakie nini? Gari nimeshalikagua!"

"Umelikagua tupu, kaka."

Bwana Magodoro akatupeleka. Tukapakia viti mia na ishirini, kisha nguzo za turubai, za chuma tupu. Jasho lilinitoka hadi kwenye masikio. Nilipodhani tumemaliza, dada akanifungulia mlango wa mbele. "Haya, kaa katikati. Bila wewe kipimo hakijakamilika."

Tukaelekea mlima mkali wa kwenda kwenye tangi la maji, mwenye gari kwenye usukani. Chini tulikwenda vizuri. Katikati ya mlima injini ikaanza kupiga kelele kama mtu anayedai haki yake, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Mngurumo unapanda, mwendo unashuka. Kisha ikaja harufu, kama nywele zilizoungua.

"Klachi," nikasema, kwa sauti ndogo ambayo si yangu.

Klachi ikilika inateleza. Injini inazunguka, nguvu haifiki kwenye magurudumu, na gari tupu halikwambii. Kipimo chake nakijua hata bila mlima: vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini ikizima papo hapo, klachi nzima. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Nakijua! Nilikiruka tu, kwa kuwa nilikuwa namsimulia muuzaji siku nilipofufua basi kwa waya wa kuanikia nguo.

Bwana Magodoro alisimamisha gari, uso umemshuka. "Haki ya Mungu, mama, sikujua."

"Ungejuaje, shemeji? Godoro halina uzito wa kukwambia."

Hakumtukana, na hakuikimbia vani. Walipatana muuzaji atie klachi mpya kwanza, kisha tupakie upya. Nilikaa gereji siku mbili kumsimamia fundi, hadi fundi akamwomba dada anichukue. Sahani ya klachi ya zamani nimeiona kwa macho yangu, imelika mpaka kwenye ribiti zinazoishikilia.

Tukapakia tena viti vilevile na nguzo zilezile, na mimi yuleyule katikati. Safari hii mlima ulipanda wenyewe. Juu kabisa dada akaomba tusimame mteremkoni. Breki ya mkono ikashika. Akashuka, akachungulia chini kama kuna tone la oili, akagonga ubavu wa gari kwa kidole, akasikiliza. Kisha akampa Bwana Magodoro mkono.

Kazi ya kwanza ya vani ilikuwa msiba. Nilifika mapema, watu bado, viti vimeshapangwa safu kwa safu kivulini. Nikachagua cha mbele, nikajitupa.

"Kaka, inuka."

"Nakijaribu."

"Ulishakijaribu. Hicho cha mfiwa."

Nikainuka. Akaletwa mzee wa watu ameshikwa mikono miwili. Akakaa, akashusha pumzi. Dada alimtazama mpaka alipotulia, ndipo akaenda kufunga milango ya vani. Mimi nilisimama nyuma, nimeiegemea kwa kilo zangu zote. Haikutikisika.