Kandambili ya Mama Mshonaji

Taifa kubwa la mashariki lilipouletea mji injini ya kusukuma maji, taifa kubwa la magharibi halikupata usingizi. Wiki ya tatu likaleta pampu, kubwa kuliko injini. Hawa walikuja na spana za milimita, wale za inchi. Injini ikakataa kuungana na pampu, na wataalamu wakakataa kusalimiana. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Za mji ule zilikufa kwa kiu.

Mzigo akaachiwa fundi wa idara ya maji, kijana mwenye lake moyoni. Alimtaka binti wa mama mshonaji, jirani wa nyumba ya pampu. Mama alishampa jibu: "Simpi mwanangu mtu anayenuka dizeli na maji ya kunawa hana. Toa maji, ndipo tuzungumze."

Fundi aliunga mashine zile kwa ngozi, kwa kamba, kwa tairi. Vyote vilikatika. Asubuhi ya uzinduzi, akipita mlangoni kwa mshonaji, akaona kandambili ya kushoto: nene, ngumu kama moyo wa mwenyewe. Kufumba na kufumbua, imo mfukoni.

Saa nne bomba likakohoa, likatema kutu, likamwaga maji. Mabalozi wawili wakainama kutazama kile kipande cha mpira kati ya mashine.

"Huo mpira ni wetu," akasema wa mashariki.

"Wenu? Tumeufanyia utafiti miaka saba!"

"Hata rangi yake ni ya kwetu!"

"Ni wangu," ikasema sauti nyuma yao. Mama mshonaji alisimama na ndoo, mguu mmoja peku. "Na alama ya dole gumba langu ile pale."

Fundi akajifuta dizeli mikononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi. Nikiuchukua?"

"Maji yanakata, mama."

Mama akaitazama ndoo yake, imefika nusu. Akaivua kandambili ya kulia, akamkabidhi.

"Basi weka na hii, ya akiba. Jumapili uje na wazee wako. Na uje umenawa."

Mabalozi wote wawili wakapiga makofi, kila mmoja akiamini ameshinda.

Tangu siku hiyo mpaka anastaafu, kila mwaka fundi alimnunulia mama mkwe wake kandambili jozi mbili: moja ya miguu, moja ya mji.